Kufunika si kufuta: kwa nini kingamwili ya kuzuia CD86 ilionekana haizuii kitu

Swali la msomaji: "Mwalimu, shikamoo. Nasoma shahada ya uzamili na kazi yangu ni uchochezi mwenza wa seli T, yaani ishara ya pili inayozisaidia seli hizo za kinga kuamka. Niliwahamishia panya wa ukoo wa C57BL/6 seli milioni 2 za OT-II (seli T zinazotambua ovalbumini, protini ya yai) zilizotiwa rangi ya CFSE, ambayo hupungua kila seli inapogawanyika, kesho yake nikawachoma ovalbumini na shabu ya kuchochea kinga. Siku ya 2 na ya 4 nikawachoma tumboni maikrogramu 200 za GL1, kingamwili ya kuzuia CD86, molekuli inayotoa ishara hiyo ya pili. Siku ya 5 mashine ya saitometria, inayosoma rangi kwenye kila seli, ilionyesha CD86 imetoweka kabisa kwenye seli za dendriti (zile zinazozionyesha seli T protini ya kigeni), lakini OT-II zilikuwa zimegawanyika sawasawa na za panya ambao hawakuchomwa kingamwili yoyote. Je, niandike kwamba CD86 haihitajiki? Mwenzangu wa maabara ananishauri nitumie 37.51, kingamwili inayoshika CD28 yenyewe (kipokezi cha seli T kinachoipokea ishara hiyo), eti nikate shina badala ya matawi."

Marahaba. Usiandike hivyo bado. Na hiyo 37.51 mwambie mwenzako airudishe kwenye friji, nitaeleza sababu.

Kwanza tuelewane kuhusu jina moja, maana Kiswahili chetu humwita panya yule mdogo wa kizimbani na yule mkubwa wa darini bila kuwatenganisha, na kwenye kazi hii tofauti yao ni kubwa. Nikisema "panya" nina maana ya huyo mdogo unayemchoma. Nikisema "panya mkubwa" nina maana ya yule ambaye GL1 ilitokana naye, kwa kuwa GL1 ni IgG2a (aina mojawapo ya kingamwili) ya panya mkubwa. Kingamwili nyingine kadhaa nitakazotaja zilitokana na hamsta. Kwa mwili wa panya wako, zote hizo ni protini za kigeni.

Sasa tuanze na hiyo CD86 iliyotoweka. Uliipima kwa kingamwili gani? Nakisia ni GL1 yenye rangi, kwa sababu ndiyo iliyozoeleka kwenye maabara nyingi. Kama ni hivyo, uliuliza mlango uliokwisha kufungwa kama uko wazi. GL1 uliyomchoma panya ilikuwa imekaa kwenye CD86, hivyo GL1 yenye rangi ilipofika haikupata pa kushika. Hapo umejua kitu kimoja tu, kwamba nafasi zilikuwa zimejaa. Hujajua kama molekuli zenyewe bado zipo, kama zimemezwa ndani ya seli, au kama seli zilizozibeba zimeuawa. Haya ni mambo matatu tofauti, na kila moja lina maana yake kwenye matokeo yako.

Kuyatenganisha si kazi ngumu. Gawa seli za bandama za kila panya kwenye mirija miwili. Wa kwanza utie GL1 yenye rangi. Huo unapima nafasi zilizobaki wazi. Wa pili utie kwanza GL1 isiyo na rangi kwa wingi hadi nafasi zote zijae, osha, kisha tia kingamwili yenye rangi inayoshika IgG2a ya panya mkubwa. Huo unapima jumla ya CD86 iliyopo, iliyozibwa mwilini na uliyoiziba wewe mezani. Angalia mpangilio wa kutia rangi. Kingamwili nyingi za saitometria zinatokana pia na panya mkubwa, kwa hiyo ile ya pili itaanza kuzishika hizo nazo. Itangulize, osha, ziba mikono yake iliyobaki kwa seramu ya kawaida ya panya mkubwa, ndipo uendelee na rangi nyingine. Halafu hesabu idadi ya seli za dendriti kwa kila bandama. Asilimia peke yake itakuficha vifo. Jumla ikilingana na ya kundi la kulinganishia, kingamwili imefunika. Ikiwa imeshuka na idadi ya seli haijabadilika, CD86 inamezwa. Vikishuka vyote viwili, unaua seli, na hapo huna tena jaribio la uchochezi mwenza.

Kuna kipimo kingine cha bei nafuu ambacho wengi hukiruka. Chukua damu kidogo ya mkiani muda mfupi kabla ya dozi inayofuata, tenga seramu. Amsha seli B za panya asiye na dawa kwa LPS (endotoksini ya bakteria) usiku kucha ili zitoe CD86 ya kutosha, zitie kwenye ile seramu, kisha uone kama zimejaa kingamwili. Zikijaa, dozi yako inatosha kuvuka siku hizo. Zisipojaa, umekuwa ukizuia siku moja na kuachia siku ya pili bila kujua.

Tuje kwenye kalenda, ambako nadhani ndiko jaribio lako lilikovunjikia. Seli ya dendriti iliyotulia huwa na CD86 kidogo. Ikiamshwa, huiongeza ndani ya saa chache. CD80, ndugu yake CD86, hupanda taratibu zaidi, kwa siku moja hadi tatu. Seli T inayokutana na antijeni (protini ya kigeni inayoitambua) hupata ishara ya kwanza kupitia kipokezi chake, na kama CD28 imeshika CD80 au CD86, hupata ishara ya pili. Mazungumzo hayo muhimu hufanyika zaidi katika siku ya kwanza, na kufikia siku ya 2 OT-II nyingi zinakuwa zimeanza mgawanyiko wao wa kwanza. Wewe ulianza kuzuia siku ya 2. Basi lilishaondoka stendi. Lakini usiitumie kanuni hii kama nyundo ya kila msumari. Katika majaribio ya miaka ya 1990 ya kupandikiza moyo na figo kwa panya wakubwa, CTLA4-Ig, dawa inayoziba CD80 na CD86, iliyotolewa siku ya 2 baada ya upasuaji iliweza kurefusha maisha ya kipandikizi. Kipandikizi huendelea kuamsha seli T mpya siku baada ya siku. Sindano yako ya ovalbumini kwa kundi la OT-II zilizoanza pamoja haifanyi hivyo. Unapopima mgawanyiko wa mwanzo, anza kuzuia siku moja kabla ya antijeni.

Na hata ungewahi, CD80 ilibaki imesimama pale pale. CD28 haichagui sana kati ya ndugu hawa wawili, na ukimwondoa mmoja mwingine huziba pengo. Wanaotaka kuizima njia nzima huchanganya GL1 na 16-10A1, kingamwili ya CD80 iliyotokana na hamsta wa Armenia, au hutumia CTLA4-Ig, ambayo ni sehemu ya nje ya CTLA-4 (kipokezi kingine cha seli T) iliyounganishwa na mkia wa kingamwili ya binadamu. CTLA-4 hushika CD80 na CD86 kwa nguvu zaidi ya mara 10 kuliko CD28, kwa hiyo huifukuza CD28 kirahisi. Kundi la Peter Linsley lilionyesha mwaka 1991 kwamba CTLA-4 inaishika B7, jina la zamani la CD80, na mwaka 1992 likaonyesha kwamba CTLA4-Ig hukandamiza utengenezaji wa kingamwili ndani ya panya. Mwaka huo huo wa 1992 panya waliopandikizwa visiwa vya kongosho vya binadamu walivihifadhi kwa muda mrefu baada ya kupewa CTLA4-Ig. Dawa ya abatacept, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2005 kwa ugonjwa wa baridi yabisi, ilitoka kwenye shina hilo, na belatacept, ya mwaka 2011 kwa waliopandikizwa figo, ni hiyo hiyo iliyobadilishwa amino asidi mbili ili ishike kwa nguvu zaidi.

Jambo la tatu ni kipimo chako chenyewe. OT-II milioni 2 ndani ya panya mmoja ni jeshi ambalo panya wa kawaida hana. Seli zake za asili zinazotambua antijeni moja huhesabika kwa makumi au mamia. Ukizidisha seli, ukazidisha antijeni, ishara ya kwanza inakuwa kali kiasi cha kufunika upungufu wa ya pili. Panya waliofutiwa jeni ya CD28, waliotengenezwa mwaka 1993, waliendelea kupambana vizuri na virusi vya LCMV kwa seli zao za CD8, seli T zinazoua seli zilizoambukizwa. Tena, CD28 haiamui tu kama seli itagawanyika. Huongeza interlukini 2 inayokuza seli T, huongeza Bcl-xL inayozuia seli isife, na husaidia seli T zinazoingia kwenye vitovu vya seli B. CFSE huona mgawanyiko. Haioni watoto waliozaliwa wakafa. Punguza OT-II hadi elfu 50 au laki moja, hesabu idadi iliyobaki siku ya 5 na ya 8, pima interlukini 2, na siku ya 14 pima kingamwili za aina ya IgG1 dhidi ya ovalbumini kwa ELISA. Nikilazimika kuchagua kipimo kimoja tu kwa jaribio la shabu, nitachukua hiyo IgG1. Panya waliofutiwa CD80 na CD86 kwa pamoja karibu hawawezi kabisa kubadili aina ya kingamwili, kwa hiyo hapo ndipo athari itakapoonekana bila kutumia miwani.

Sasa 37.51. Mwenzako amefikiri kwamba kushika kipokezi ni sawa na kukizuia. 37.51 ilitambulishwa mwaka 1992 kwenye kazi iliyoonyesha kwamba kuishika CD28 kwa kingamwili kunazipa seli T ishara ya pili na kuziokoa zisizubae. Ni ile ile mnayoiweka kwenye sahani pamoja na 145-2C11, kingamwili inayotoa ishara ya kwanza, ili kuamsha seli T! Ukimchoma panya, hukati shina, unalimwagilia. Zipo ripoti za 37.51 kupunguza kinga ndani ya panya, lakini hutokea kwa njia nyingine, kama vile kuzichosha au kuziua seli zilizoamshwa, na mtu akiziita "kuzuia CD28" anampotosha msomaji.

Wanaotaka kweli kuizuia CD28 hutumia kipande cha Fab, ambacho ni mkono mmoja wa kingamwili. Mikono miwili huweza kuvuta vipokezi viwili vikakutana, na kukutana huko ndiko kunakoipa seli ishara. Mkono mmoja hukaa tu na kuziba. Hila hiyo hiyo ndiyo iliyosaidia kuifahamu CTLA-4. Watu walikuwa wakibishana kama inaamsha au inatuliza, na mwaka 1994 kundi la Jeffrey Bluestone huko Chicago likatumia Fab ya kuizuia. Seli T zikaongezeka, yaani breki ilikuwa imeachiliwa. Mwaka uliofuata panya waliofutiwa jeni ya CTLA-4 walikufa wakiwa na umri wa wiki tatu au nne, viungo vyao vimejaa seli T.

Kama mwenzako bado anabisha, msimulie yaliyotokea Machi 2006 katika hospitali ya Northwick Park, London. Vijana sita wenye afya njema walipewa TGN1412, kingamwili ya CD28 ya kundi linaloweza kuamsha seli T hata bila ishara ya kwanza. Ndani ya dakika 90 hivi wakaanza kuumwa kichwa na mgongo, shinikizo la damu likaporomoka, na wote sita wakaishia chumba cha wagonjwa mahututi, ingawa walipona na maisha yao. Dozi ilikuwa miligramu 0.1 kwa kilo, ndogo sana ukilinganisha na ile waliyopewa nyani bila madhara. Baadaye ikajulikana kwamba seli T za kumbukumbu za CD4 za nyani hao hazina CD28 kama za binadamu. Panya wa vizimba safi hawakuweza kutoa onyo pia, kwa sababu wamezaliwa na kukua bila maambukizi na hawana seli nyingi za kumbukumbu.

Hapo kuna jambo linalotugusa sisi tunaofuga panya kwenye mabanda ambayo si safi kwa kiwango cha Ulaya. Panya mwenye minyoo ya utumbo na aliyepitia virusi viwili vitatu ana seli za kumbukumbu nyingi, na hizo haziitegemei sana CD28. Kundi la Chuo Kikuu cha Emory, Atlanta, lilionyesha mwaka 2003 kwamba panya waliokwisha kuambukizwa virusi kadhaa wanakataa kipandikizi hata wakipewa mchanganyiko wa kuzuia uchochezi mwenza unaowatosha wenzao wasafi. Minyoo nayo huvuta kinga upande wa Th2 (ule wa kupambana na minyoo na wa mzio), ambako shabu inavuta pia. Basi panya wako watoke chumba kimoja, wawe wa umri mmoja, na makundi yachanganywe ndani ya vizimba, si kila kundi na kizimba chake.

Mkia wa kingamwili, ule wa Fc, unastahili aya yake. MR1, kingamwili ya hamsta inayoshika CD154 (molekuli ya seli T zilizoamshwa), ilipotumika pamoja na CTLA4-Ig mwaka 1996 iliwafanya panya wakubali ngozi na moyo wa panya wa ukoo mwingine kwa muda mrefu, na kila mtu akasema ni kuzuia uchochezi mwenza. Mwaka 2003 ikaonyeshwa kwamba sehemu kubwa ya kazi ya MR1 inategemea Fc: inazishika seli T zilizoamshwa, kisha zinaondolewa. Kwa binadamu kingamwili za CD154 zilisimamishwa mwaka 1999 kwa sababu ya kuganda kwa damu, na panya hawakuwa wameonyesha hatari hiyo. Chembe zao za kugandisha damu hazina kipokezi FcγRIIA ambacho zetu zinacho. Kingamwili za CTLA-4 nazo zina hadithi kama hiyo. James Allison alizitumia mwaka 1996 kuponya uvimbe wa saratani kwa panya, na mwaka 2018 akapata Nobeli pamoja na Tasuku Honjo. Lakini mwaka 2013 ikaonekana kwamba ndani ya uvimbe wa panya zinawaangamiza walinzi wa utulivu, seli T dhibiti, kwa msaada wa makrofaji zenye vipokezi vya Fc. Anayetumia kingamwili yenye isotaipu (aina ya mkia) isiyoshika vipokezi hivyo hapati matokeo hayo. Kwa GL1 yako, kipimo cha idadi ya seli nilichoeleza juu ndicho kitakachokuambia kama Fc imeingilia.

Kundi lako la kulinganishia, nisamehe, halilinganishi. Panya ambao hawakuchomwa kingamwili hawakupata protini ya kigeni maikrogramu 200, hawakupata uchafu unaokuja nayo, wala hawakushikwa shingo mara mbili zaidi. Unahitaji IgG2a ya panya mkubwa isiyotambua chochote ndani ya panya. Kloni 2A3 hutumika sana. Kwa 16-10A1 unahitaji IgG ya hamsta wa Armenia, na kwa CTLA4-Ig unahitaji IgG1 ya binadamu. Kundi la mchanganyiko lipate mchanganyiko wa kulinganishia wenye uzito ule ule.

Na zote zipimwe endotoksini, pamoja na hizo za kulinganishia. Ninasisitiza hili kwa sababu lilinichoma. Miaka iliyopita nilifurahia miezi mitatu matokeo mazuri ya kuzuia: kundi la kulinganishia lilikuwa na seli T nyingi, kundi la dawa chache. Nikaja kugundua kwamba kingamwili yangu ya kulinganishia ndiyo iliyojaa endotoksini, na ile ya kuzuia ilikuwa safi. Endotoksini huamsha seli za dendriti na kupandisha CD80 na CD86, yaani kile kile unachokichunguza. Sikuwa nimezuia kitu. Nilikuwa nimewachochea wenzao. Tafuta iliyo chini ya yuniti 1 au 2 za endotoksini kwa miligramu, isiyo na azidi ya sodiamu, maana ile ya saitometria yenye azidi ni sumu kwa panya. Mzigo ukikaa forodhani kwenye joto, au ukigandishwa na kuyeyushwa mara kwa mara, kingamwili hushikana mafundo, na fundo hushika vipokezi vingi kwa wakati mmoja. Zungusha chupa kwenye sentrifuji, na kabla ya kutumia pima upya kama bado inashika seli zenye CD86.

Usipitishe wiki mbili za dozi bila kufikiri upya. Panya huanza kutengeneza kingamwili dhidi ya protini ya panya mkubwa au ya hamsta. Dawa huondolewa haraka, na baadhi ya panya hufa kwa mshtuko wa mzio dakika chache baada ya sindano. Jaribio lako jipya la siku 14, ukilipa dozi siku ya -1, 1 na 3, haliko kwenye hatari hiyo kwa kiasi kikubwa.

Tuseme umefanya yote hayo na IgG1 imeshuka. Utaandika nini? Andika kwamba ulizuia CD86, usiandike kwamba ulizuia CD28. CD86 hushikwa pia na CTLA-4, na CD80 hushika pia PD-L1, molekuli nyingine ya breki. Seli T dhibiti nazo zinaishi kwa kutegemea CD28. Mwaka 1995 panya wa NOD wenye asili ya kisukari waliopewa kingamwili ya CD86 walikingwa, na waliopewa ya CD80 waliugua mapema zaidi. Mwaka huo huo, kwenye ugonjwa wa panya unaofanana na sklerosisi ya mfumo wa neva (multiple sclerosis), ikawa kinyume: kuzuia CD80 kulipunguza ugonjwa, kuzuia CD86 kuliuzidisha. Tena mwaka 2000 ikaonekana kwamba panya wa NOD wasio na CD28 kabisa wanapata kisukari kibaya zaidi, kwa kuwa seli zao dhibiti zimepungua. Basi ongeza kwenye paneli yako Foxp3 na CD25, alama za seli T dhibiti, uhesabu seli hizo kwa kila kundi. Bila hesabu hiyo mtahini yeyote makini atakukamata.

Chupa ya GL1 iliyobaki usiitupe. Chukua panya watatu bila OT-II, wachome maikrogramu 200 siku ya leo, na uwapime ile mirija miwili baada ya siku moja, mbili na tatu, mmoja kila siku, pamoja na seramu. Ni panya wachache mno kwa takwimu, lakini wanatosha kukuambia dozi inadumu kwa muda gani kwenye banda lenu, kabla hujaagiza 16-10A1.